Shikamoo za Mzee Sita

Jumatatu, 3 Machi
Simu: 41.

Leo mvua imeanza, na Injinia naye ameanzisha toleo lake jipya. Sijui kati ya hivyo viwili kipi kimeleta mafuriko zaidi.

Nimeamua kuandika kila siku ili nikija kuulizwa nilikuwa wapi mambo yalipoharibika, niwe na ushahidi. Nilikuwa dawatini. Dawati la simu, chumba cha mwisho, chini ya dirisha lisilofungika, ndoo miguuni. Ofisi yetu inawatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha siku na saa ya kwenda kliniki. Ujumbe unatumwa na programu inayoitwa Kumbusho. Ikikosea, mgonjwa anapiga simu, na simu napokea mimi. Anayeishughulikia hiyo programu ni Injinia. Anakaa hatua sita kutoka hapa, amenipa kisogo, masikio ameyaziba na vile vidude vya muziki.

Watu arobaini na mmoja wameniuliza leo: saa mbili mchana ni saa ngapi?

Sijui. Tangu nizaliwe sijawahi kukutana na saa mbili mchana.

Jumanne, 4 Machi
Simu: 38.

Baba mmoja wa mazoezi ya goti alitakiwa jana saa kumi na mbili jioni. Ujumbe ukamwambia leo. Amekwenda leo, amekuta mlango umefungwa, akanipigia akiwa amelowa chapachapa. Nimemwomba radhi mara saba. Nilipomaliza, Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hizi saa mnaziandikaje?" akauliza.

"Mimi naandika kama kliniki wanavyoniambia, Bosi."

Injinia akasema, bila kugeuka, kwamba wakati mwingine dawati la simu huwa linachanganya. Nilitaka kumjibu, simu ikaita.

Jumatano, 5 Machi
Simu: 44.

Sasa balaa limeingia nyumbani kwangu.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Amesubiri miezi mitano apasuliwe la kwanza, na siku yenyewe ilikuwa leo. Asubuhi nilimwacha na jirani, ambaye ndiye angempeleka. Nimerudi jioni nimemkuta kitandani anakula karanga, macho yale yale.

"Mama, mbona hukwenda?"

"Niende wapi? Jirani kanisomea ule ujumbe mara tatu. Saa nane usiku. Daktari gani anapasua watu macho saa nane usiku? Yule si daktari, yule ni mwanga."

"Ilikuwa saa nane mchana, mama."

"Basi wangeandika mchana. Mimi nimekwenda kutafuta mwanga, wao wananipeleka kwa mwanga." Akacheka mwenyewe mpaka akapaliwa na karanga.

Mimi sikucheka. Nimepiga simu kliniki wakaniambia nafasi iliyopo ni tarehe 28 Mei. Karibu miezi mitatu ataendelea kunitambua kwa sauti, kwa sababu ya neno moja. Nimechukia kiasi kwamba nimeosha vyombo vyote, hata visafi.

Alhamisi, 6 Machi
Simu: 40.

Kumbusho ni programu huria. Maana yake matumbo yake yako wazi mtandaoni: yeyote duniani anaweza kuingia kwenye ukumbi wa mradi, akasoma kila mstari, akapendekeza marekebisho. Walinzi wake wanasoma pendekezo, wakiridhika wanalipitisha. Mmoja wa walinzi hao ni Injinia wetu. Mimi kuandika programu nimejifunza kwa video za bure na ukaidi, miaka miwili sasa, na hapa ofisini hakuna anayejua.

Leo baada ya kazi nimefungua matumbo hayo. Kosa halikunichukua hata nusu saa.

Kompyuta inahesabu siku kuanzia katikati ya usiku. Saa nane mchana yetu, yenyewe inaiita kumi na nne. Sasa kila mtoto anajua kwamba saa yetu na hiyo zimepishana kwa sita. Injinia amechukua kumi na nne akajumlisha sita, akapata ishirini. Namba ikatoka sawa, nane, ila kompyuta sasa inaamini jua limeshazama, ndiyo ikaandika "usiku". Na yule baba wa goti, kumi na nane jumlisha sita ni ishirini na nne, siku ikageuka, akapelekwa kesho yake. Dawa ni kubadilisha namba tu inapotamkwa, jua uliache lilipo. Mistari minne.

Ningeituma kwa jina langu, lakini nilishafanya hivyo mwaka jana kwa kosa jingine. Nilijibiwa na mlinzi mwingine, si Injinia: "Dada, malalamiko ya wateja yapelekwe dawati la simu." Chini akaweka namba. Ilikuwa namba yangu. Nilikaa nikiitazama ile simu kana kwamba kweli nitajipigia.

Halafu kuna kifungu cha tisa cha mkataba: mhudumu wa simu haruhusiwi kugusa mfumo. Kwa hiyo nimefungua akaunti mpya. Fomu ikauliza jina. Mama akapita anapapasa ukuta, akasikia ninavyobonyeza, akasema, "Huo mgongo uupindavyo, utakuwa mzee kabla yangu."

Nikaandika Mzee. Halafu kwa kuwa sita ndiyo iliyonileta, nikaandika Sita. Mzee Sita.

Jumatatu, 10 Machi
Simu: 39. Ndoo imejaa mara mbili.

Injinia amemjibu Mzee Sita: "Ndugu, suala hili limeshafanyiwa kazi. Tunashukuru kwa mchango wako." Limeshafanyiwa kazi, na mimi nina simu mbili zinaita kwa pamoja.

Nimemwandikia mifano mitatu, kumi na nne, kumi na nane na mbili asubuhi, hatua kwa hatua. Kwa hasira nikamalizia: "Jua haliendeshwi na kompyuta, kijana."

Kijana. Injinia ana miaka arobaini, nilikula keki yake. Mimi nina ishirini na tisa.

Jumanne, 11 Machi
Simu: 37.

Amejibu. Nanakili neno kwa neno:

"Shikamoo mzee. Naomba radhi, sikujua kama naongea na mtu mzima. Nimepitia mifano yako. Uko sahihi."

Nimesoma nikiwa dawatini, nikakitazama kile kisogo. Mtu aliyenizidi miaka kumi na moja amenipa shikamoo. Na shikamoo ukipewa huwezi kuinyamazia, ni utovu wa adabu. Ukiipokea nayo si yako, umekula cha mtu. Nimezungusha mdomo robo saa nzima. Mwishowe nimeandika: "Marahaba, mwanangu."

Yeye akajinyoosha kitini, akaonekana ameridhika. Mimi nikaenda chooni kucheka, nikarudi nikiwa na hofu.

Ijumaa, 14 Machi
Simu: 22.

Marekebisho yamepitishwa jana. Leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu saa mbili mchana.

Bosi ana kasoro moja: hajui kuongea na simu mpaka aiweke spika. Leo mkubwa wa kliniki kampigia kumsifu, na ofisi nzima tukasikia. "Mmefanyaje?" Bosi akajibu kwa fahari kwamba tuna mtaalamu mmoja huko nje, mzee wa watu, anaitwa Mzee Sita. Injinia akaongeza, "Mzee mwenye busara sana." Mimi nilikuwa namwaga ndoo.

Jumatano, 19 Machi
Simu: 20. Shikamoo ya tatu.

Jumatatu, 24 Machi
Simu: 33.

Mvua hii inaangusha mtandao, na mtandao ukianguka ujumbe unachelewa. Ujumbe unaosema "unakumbushwa kufika kesho" umetumwa Jumamosi, umefika Jumapili, kwa hiyo leo nimepokea watu wa kesho mbili tofauti. Mama mmoja ameniambia, "Mwanangu, hiyo kesho yenu haifiki?"

Alhamisi, 27 Machi
Simu: 35.

Mzee Sita ametoa pendekezo: ujumbe usiseme kesho wala keshokutwa, utaje siku na tarehe. Injinia akaandika, "Shikamoo mzee" (ya sita hiyo), "wazo zuri. Mbona hata hivyo baada ya keshokutwa hakuna neno."

Hakuna neno! Mimi nimelelewa na mama yangu. Kwetu kesho inafuatiwa na keshokutwa, halafu mtondo, halafu mtondogoo, na ukiahidi mtondogoo usije mtondo, utakuta hujapikiwa. Sikuweza kujizuia. Nikaandika:

"Vijana wa siku hizi hamna mtondogoo? Ndiyo maana hamfiki popote. Nitatuma marekebisho mtondo, na majaribio mtondogoo."

Injinia amegeuka kabisa kwenye kiti chake, jambo la nadra, akamwambia Bosi: "Huyu mzee si chini ya miaka themanini. Amenitajia mtondogoo." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikainamia simu ambayo haikuwa inaita.

Jumatano, 2 Aprili
Simu: 14.

Leo lazima niandike kirefu, maana nisipoandika nitapasuka.

Saa tano asubuhi Injinia amemwandikia Mzee Sita faragha, si ukumbini. Nilimwona akiandika. Mabega yalikuwa yamemshuka. Nilidhani ni habari za mtandao.

"Shikamoo baba. Naomba ushauri wako kama mzazi, sina wa kumwuliza. Ile jumlisha sita niliiandika mimi. Mambo yalipoharibika, Bosi aliniuliza, nikasema dawati la simu wanakosea kuandika. Sikupanga, mdomo ulinitangulia. Sasa Bosi anasema yule dada wa simu hafai, na anataka kulifunga dawati. Dada mwenyewe ni mtu mzuri, ni mkali kidogo tu. Nikisema ukweli nitaonekana sijui kazi. Nifanyeje?"

Mkali kidogo.

Nimesoma nikiwa hatua sita kutoka kwake. Mkono wangu ulikuwa juu ya kikombe cha chai na nilikuwa napima umbali. Kumbe mwezi mzima huu Bosi ananipita kama kiti kwa sababu ya mdomo uliotangulia. Kumbe nafukuzwa kazi, na anayeniarifu ni mwenye kosa, na ananiita baba.

Nimeandika majibu manne. La kwanza lilikuwa tusi. La pili tusi refu. La tatu lilisema, "Mimi ndiye dada wa simu, geuka." Kidole kilikuwa tayari kimegusa kitufe. Kilichonizuia sijui nikieleze vipi. Mtu yule hakuniambia mimi. Amemwambia mzee. Mimi mwenyewe ndiye niliyekaa kwenye kiti cha uzee, nikapokea shikamoo nane nikitabasamu, na mtu akikuamkia kama mzazi kisha akakutwika mzigo wake, huwezi kuvua mvi mlangoni ukaenda kumtangaza. Kama nilikula shikamoo, basi na siri nimeila.

Jibu la nne nililotuma ni hili: "Marahaba mwanangu. Kosa la hesabu halimvunjii mtu heshima. Kulitupia kwa mwingine ndiko kunakovunja. Nenda kaseme mwenyewe, kabla hujasemewa."

Nikamwona akisoma. Akavua vidude vya masikioni, akaja mpaka dawatini kwangu.

"Dada," akasema, "una sukari?"

Nikampa sukari. Akarudi.

Jumatatu, 7 Aprili
Simu: 11. Hajasema. Amemwandikia Mzee: "Natafuta siku nzuri, baba."

Jumanne, 8 Aprili
Simu: 12. Bosi hakuwapo, kwa hiyo haikuwa siku nzuri.

Jumanne, 15 Aprili
Simu: 8. Bosi alikuwapo. Mvua ilikuwa kubwa mno, watu hawasikilizani. Shikamoo ya kumi na moja.

Jumanne, 22 Aprili
Simu: 5.

Nimeitwa na Bosi. Barua ilikuwa mezani imeshapigwa muhuri.

"Si kwa ubaya," alisema. "Angalia mwenyewe. Machi ulikuwa unapokea simu arobaini kwa siku. Sasa tano. Mzee Sita amezimaliza. Dawati tunalifunga tarehe 30 Mei."

Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante, kwa kuwa mtu ukipewa karatasi kwa mikono miwili unasema asante. Nikatoka nayo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi hiki nimekichimba jioni zote za mwezi, kwa moyo, nikijisifu mistari ilivyonyooka. Kila kosa nililolitoa lilikuwa ni simu ishirini, na hizo simu ndizo mshahara wangu.

Injinia aliiona barua mkononi. Akainama kama aliyeangusha kitu chini ya meza. Hakuangusha kitu.

Jumatano, 23 Aprili
Simu: 6.

Nimemwambia mama yote: jina, shikamoo, barua. Alisikiliza akichambua mchele kwa vidole, maana macho hayaoni mawe. Nilitegemea anionee huruma.

"Umekula shikamoo ya mtu mzima?" akauliza.

"Kumi na mbili, mama."

"Kumi na mbili." Akatoa jiwe moja. "Na umepokea kwa kinywa kikavu?"

"Kwa kuandika."

"Basi wewe si mwizi, wewe ni jambazi." Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Baadaye, alipotulia, akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Waambie."

"Nikiwaambia, mama, nitakuwa nimevunja kifungu cha tisa. Na siri ya yule bwana itatoka."

"Sasa umemkinga anayekufukuza?"

"Ndiyo."

"Basi kweli umekuwa mzee," akasema. Tangu saa hiyo haniiti jina langu tena. Mzee, lete maji. Mzee, zima taa.

Jumatano, 30 Aprili
Simu: 4. Mbili kati ya hizo ni mama, maana namba ya dawati ni ya bure. Alitaka kujua kama Mzee atapitia vitunguu.

Jumatatu, 5 Mei
Simu: 3.

Za mwizi arobaini. Zangu zimefika hamsini na kitu, nikadhani nimesamehewa.

Saa nne amepiga bibi mmoja, sauti nyembamba, ameambiwa miadi yake ni Ijumaa na anataka kujua ni lini kuanzia leo. Nikamwambia ni siku ya nne. Hakuelewa. Nikamhesabia. Bado. Nikasema bila kufikiri, kwa sauti ya kumfikia asiyesikia vizuri:

"Bibi, si keshokutwa. Si mtondo. Ni mtondogoo."

"Ahaa, mtondogoo," bibi akasema. "Sasa umesema."

Nikaweka simu chini. Injinia alikuwa ameshika vidude vya masikioni mkononi. Kwanza ulinigeukia uso, halafu mabega, halafu kiti kizima. Alinitazama. Nikaitazama ndoo. Sikumbuki kama ndoo ilikuwa na kitu cha kutazama.

Akageuka tena, akafungua ukumbi wa mradi na ujumbe wa faragha, akaanza kusoma barua za Mzee Sita kuanzia ya kwanza. Nilizijua kwa urefu wake kwenye kioo. Alipofika kwenye ile ya Aprili, masikio yakamgeuka rangi.

Jumanne, 6 Mei
Simu: 2. Injinia hakuja. Kasema tumbo.

Ijumaa, 9 Mei
Simu: 2.

Amekuja siku tatu hizi, lakini anapita ukuta wa pili kama dawati langu lina upele. Mzee Sita naye hajaandikiwa. Nimehesabu: shikamoo zimeishia kumi na saba. Sikuwahi kufikiri kwamba nitazikosa, na nimezikosa.

Jumanne, 13 Mei
Simu: 0.

Nimekaa saa nane nzima nikisikiliza mvua. Mara mbili niliinua simu kuona kama ni nzima.

Jumatatu, 19 Mei
Simu: 0. Mvua imepungua. Nimerudisha ndoo stoo.

Jumatano, 28 Mei
Simu: 0. Nimeomba ruhusa.

Ujumbe wa mama ulisema Jumatano 28 Mei, saa 8:00 mchana. Jirani alimsomea mara tatu, na mara zote ulikuwa mchana. Tumefika saa saba na nusu. Wamempasua jicho la kulia, wakamfunga bandeji, wakasema itafunguliwa kesho. Njiani alinishika mkono kwa nguvu na hakufanya utani hata mmoja. Nimegundua kwamba utani wake ndio huwa unanituliza, na leo sikuwa nao.

Alhamisi, 29 Mei
Simu: 0.

Amefunguliwa. Alinitazama muda mrefu, akanishika kidevu, akakigeuza huku na huku.

"Umekonda," akasema. "Na hilo shati, ulinunua kwa macho yako mwenyewe?"

Nimelia kidogo. Yeye aliliona chozi.

Ijumaa, 30 Mei
Simu: 1.

Siku ya mwisho. Bosi aliita kikao saa tano, tukasimama tumezunguka dawati langu kama watu waliokuja kumuaga marehemu. Akaninunulia ua kwenye kopo. Akasema dawati limefanya kazi yake. Kisha akasema anataka kumwajiri Mzee Sita, amshauri Injinia, akae hata nyumbani kwake kama miguu haimruhusu. "Injinia, wewe ndiye unayezungumza naye. Ni nani huyu mzee? Yuko wapi?"

Injinia alikuwa ameshika daftari. Akaliweka chini.

"Bosi, kwanza kuna jambo," akasema. "Lile kosa la saa mwezi wa tatu. Lilikuwa langu. Nilijumlisha sita, na ulipouliza nikalitupia dawati. Dada hakukosea hata saa moja. Nilitakiwa niseme Aprili. Niliambiwa niseme Aprili."

Bosi akamtazama. Mimi nikatazama ua.

"Na Mzee Sita?" Bosi akauliza, polepole.

"Mzee Sita kajipa jina mwenyewe," Injinia akasema. "Kulivua ni juu yake. Mimi hata kama ninamjua, simjui."

Sijawahi kumpenda mtu wa hatua sita kama nilivyompenda wakati huo. Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua, nilikuwa nimefika kwenye "Bosi, mi..." na simu ikaita.

Siku kumi na saba ilikuwa haijaita. Wote tuliruka.

"Hiyo ndiyo simu ya mwisho ya dawati hili," Bosi akasema, machozi yakimlengalenga, na kabla sijanyoosha mkono akabonyeza spika.

"Mzee Sita," sauti ya mama ikajaa chumba. "Wewe Mzee Sita, upo? Nimeletewa ujumbe mwingine, nirudi kupimwa. Nimesoma mwenyewe. Sikumpa jirani. Jumatatu, saa nane mchana. Imeandikwa mchana, mwanangu, m, ch, nimeona mpaka ch. Umeandika vizuri. Mbona hujibu? Mzee?"

Bosi alikuwa bado ameweka kidole kwenye kitufe.

"Nipo, mama," nikasema.

"Ukirudi pitia vitunguu," akasema, akakata.

Bosi alikaa kwenye kiti changu. Akaniangalia, akamwangalia Injinia, akaangalia simu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, pamoja na kifungu cha tisa, nikitaja namba yake kabla hajaitaja yeye. Siri ya Injinia sikuigusa, maana alishaitua mwenyewe.

"Kifungu cha tisa kinamkataza mhudumu wa simu," Bosi akasema. "Dawati la simu limefungwa leo. Mhudumu wa simu hayupo tena." Akasimama, akachukua lile ua mikononi mwangu, akaliweka kwenye meza iliyo karibu na ya Injinia, ile isiyo na dirisha linalovuja. "Mwambie huyo mzee aje Jumatatu."

Jumatatu, 2 Juni
Jua kali.

Barua ya ajira niliikuta mezani. Imeandikwa "Ndugu Mzee Sita, unatakiwa kuripoti kazini saa 8:00 asubuhi." Saa nane asubuhi. Nimechukua kalamu nyekundu nikaisahihisha, nikairudisha kwa Bosi na sahihi yangu, jina langu kamili, lile la kuzaliwa. Huko ukumbini nitabaki Mzee Sita. Nimelizoea.

Injinia aliingia saa mbili na dakika tano. Hakuvaa vidude vya masikioni. Akavuta kiti chake mpaka mezani kwangu, akakaa, akakunja mikono.

"Kumi na saba," akasema.

"Kumi na saba nini?"

"Unajua. Zilikuwa zangu, ukazila, na ukaniita mwanangu juu yake. Nataka zirudi. Moja kila asubuhi, sitaki kwa mkupuo."

Nilimwangalia kama anatania. Alikuwa hatanii, ila pembe ya mdomo ilikuwa inamsaliti. Nikainuka kitini, kwa kuwa deni ni deni, nikashika adabu zangu zote.

"Shikamoo, kaka."

Akafumba macho. Akaitafuna taratibu, kama mtu aliyekaa na njaa tangu Machi.

"Marahaba," akasema. "Hujambo?"

Simu: hakuna. Shikamoo: zimebaki kumi na sita.